Kofia Iliyolala Kitandani

Ijumaa ile theluji ilianguka juu ya mji wa Harrow Creek polepole, kana kwamba kule juu kuna mama anachekecha unga na hana mgeni wa kumharakisha. Baridi haikuwa ya mchezo. Kivuli cha mnara wa kanisa kiligandia juu ya theluji asubuhi, na jua lilipohama, kivuli kikakataa kuhama. Kikabaki palepale mpaka Jumanne. Mwenye shaka na aende akaulize. Watu wa Harrow Creek hawasemi uongo. Chumvi wanaongeza, lakini uongo hapana.

Ndani ya jumba la mabati, ambamo wiki nyingine zote huuzwa ng'ombe kwa mnada, ilikuwa dunia nyingine kabisa. Taa zilimwaga unjano juu ya mchanga, vumbi likapaa na kung'aa kama poda, na mji mzima, kuanzia mchungaji mpaka wale wasiosalimiana tangu mwaka wa mafuriko, ulikuwa umebanana kwenye mabenchi. Ilikuwa wikendi ya rodeo, mashindano ya kupanda farasi wakali. Nje, Dakota ya Kusini ilikuwa imelala chini ya blanketi jeupe. Ndani, mioyo ilikuwa macho.

Na moyo wa Linnea Kvale ulikuwa macho kuliko yote.

Alikuwa juu ya Shemasi, farasi wa kijivu, mpana, mpole, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kukimbia bila sababu. Usiku huo Linnea alikuwa mpokeaji kwa mara ya kwanza. Kazi ya mpokeaji ni rahisi kuisimulia: mpanda farasi akidumu sekunde nane juu ya farasi mkali na honi ikalia, hana njia njema ya kushuka, basi mpokeaji humkaribia mbio, ubavu kwa ubavu, na yule jamaa humkumbatia kiunoni, akajing'oa, akateremkia upande wa pili salama. Kumbatio lenyewe halizidi kupepesa jicho. Baba yake, Orrin Kvale, mwenye farasi wote wakali wa rodeo ile, aliifanya kazi hiyo maisha yake yote mpaka nyonga ikachoka akawekewa ya chuma. Sasa alisimama kwenye lango la kutokea, mkono juu ya komeo, akimtazama binti yake kama mtu aliyeazimisha saa yake ya dhahabu.

"Mabibi na mabwana," mtangazaji akanguruma, "kutoka Wyoming, kijana mnayemkumbuka, Royce Tibbetts!"

Jumba likanong'ona. Macho yote yakaenda kwa Orrin, yakatoka kwa Orrin yakaenda kwa Linnea, kisha kwa adabu yakarudi uwanjani. Linnea alikaza hatamu. Miaka miwili. Alikuwa amejiambia kwamba jina lile akilisikia tena litapita masikioni kama jina la duka. Halikupita. Liliingia, likavua viatu, likakaa.

Kizimba kikafunguka. Farasi mwekundu akaruka nje akijipinda, na Royce juu yake, mkono mmoja hewani, akipanda na kushuka kwa namna ambayo Linnea aliijua hata usingizini. Kwake yeye kila kitu kilipungua kasi. Aliona nyuzi za jasho, aliona mashavu yale yaliyokonda kidogo, aliona kofia yake ya pama ikimtoka kichwani na kuelea kama jani juu ya maji.

Honi ikalia. Linnea akamwachia Shemasi. Wakafika ubavuni, farasi kwa farasi, goti likigusa goti. Royce akageuka akinyoosha mkono kwa mpokeaji, kama alivyofanya mara elfu, na ndipo akaona ni nani.

Macho yake yalikuwa rangi ya mto unaovunja barafu. Yalimtazama, yakashangaa, yakaumia. Mkono ulikuwa umeshafika karibu na kiuno cha Linnea. Ukasimama. Ukarudi.

Kisha Royce Tibbetts, mtu mwenye akili timamu, akajitupa chini upande mwingine, akala mchanga kwa uso mbele ya mji mzima.

Watu walicheka mpaka mabati yakapukutisha theluji. Linnea hakucheka. Alizungusha farasi, akamaliza kazi yake, na hakuna aliyeona machozi, maana vumbi la rodeo lina heshima zake.

*

Onyesho lilipokwisha alikwenda kwenye meza ya shangazi yake Verna, kwenye ukumbi wa pembeni, ambapo kila mwaka huuzwa mchuzi wa maharage na nyama uliojaa pilipili, pamoja na mikate laini ya mdalasini yenye sukari juu. Hivyo viwili huliwa pamoja, na asiyekubali ni mgeni.

"Kula, mwanangu," Verna alisema, akimjazia bakuli. "Uso wako umekuwa kama sufuria iliyosahauliwa nje."

"Sina njaa, shangazi."

"Nani kakuuliza njaa? Mimi nimesema kula. Halafu usigeuke, yule mla mchanga anakuja."

Linnea akageuka. Royce alikuwa anachechemea kati ya meza, pama mkononi, mchanga bado kwenye nyusi. Watu wakampisha huku wakijifanya wanazungumzia bei ya nyasi.

"Habari za jioni, bibi Verna. Linnea."

"Ulinidhalilisha," Linnea alisema, sauti ndogo, ya baridi. "Kazi yangu ya kwanza. Mji mzima. Kwani nina upele?"

"Hapana."

"Basi ulidhani nitakuangusha?"

"Hapana, Linni."

"Usiniite Linni. Linni alikuwa wa zamani."

Royce akaizungusha pama vidoleni. Verna alikuwa anafuta sehemu moja tu ya meza, hiyohiyo, kwa bidii ya ajabu.

"Nilikuwa nimeshakukaribia," alisema Royce. "Nikakumbuka kwamba mpanda farasi anatakiwa kushika halafu aachie. Kushika nilikuwa naweza. Kuachia ndiko nilikoona sitaweza. Nikaona heri mchanga."

"Loo," Verna akasema, akalishika benchi. "Samahani. Endeleeni."

Linnea alihisi kitu kikiyeyuka kifuani, akakipuliza kigande tena. "Maneno matamu. Mbona uliondoka, basi?"

"Mimi? Nani alirudisha bizimu yangu? Bizimu ya mkanda, ya fedha, niliyoshinda kwenye rodeo ya Cheyenne, niliyokupa uvae kiunoni watu wote wajue. Ulimtuma shangazi yako, huyu hapa, akaniletea imefungwa kwenye taulo la jikoni."

"Lilikuwa taulo safi," Verna akasema.

"Baba aliniapisha!" Linnea akafoka, kisha akashusha sauti. "Alikaa siku nzima hali, hanywi. Ningefanya nini?"

"Kwa sababu ya kofia."

"Kwa sababu ya kofia."

Habari ile ilikuwa ya aibu kwa wote watatu. Miaka miwili nyuma Royce alikuja kwa Kvale kula chakula cha jioni na kumwomba mzee binti yake. Kule makoti ya wageni hulundikwa juu ya kitanda cha mwenye nyumba, ndiyo desturi. Verna akamwambia kijana, weka vitu vyako kule na vya wenzako. Na Royce, ambaye hofu ilikuwa imemfuta akili, akaweka koti, na juu ya koti akaweka pama yake. Pama, juu ya kitanda! Mtoto wa miaka mitatu aliyelelewa kati ya farasi anajua kwamba kofia juu ya kitanda inaita maiti. Orrin alitoka chumbani ameishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Kesho yake, wakati wa kupiga ndama chapa, Royce akavunjika mtulinga. Hapo mzee akasema basi, nimeona, na nyumba hii haitakuwa na harusi mpaka pama ile ikanyagwe na farasi wa nyumba hii, bila kutegewa na mtu. Ndiyo dawa pekee iliyojulikana tangu enzi za mababu zao. Na farasi, kila mtu anajua, hakanyagi kitu anachokiona. Atakiruka kama dimbwi.

"Ni hiihii," Royce alisema, akiinua pama. "Tangu siku ile navaa hii tu. Imeanguka mara ngapi sijui, katika uwanja wa kila mji, farasi wote wanaikwepa. Hata hivyo si ningehitaji farasi wa Kvale?" Akacheka bila furaha. "Jumapili jioni naelekea Texas, Linnea. Kule msimu unaanza. Nikiondoka safari hii sitapita tena Harrow Creek, maana haina faida mtu kupita penye jeraha kila mwaka. Njoo nami. Au niambie usoni kwamba hutaki."

Linnea alifungua kinywa. Nje ya kioo theluji iliendelea kuchekechwa. Hakuna neno lililotoka, si la ndiyo, si la hapana, na Royce akavaa pama yake na kwenda.

"Mwanangu," Verna alisema baadaye kidogo, "mchuzi umepoa."

*

Asubuhi ya Jumamosi Orrin alikuwa jikoni, mguu wa nyonga ya chuma umenyooshwa juu ya kiti, kahawa mbele yake nyeusi kiasi cha kung'arishia viatu. Karibu na mlango, kwenye ubao, kulikuwa na misumari miwili: mmoja wa pama yake, mmoja wa Linnea. Zamani ilikuwa mitatu, lakini mkewe Solveig alipofariki Orrin aliung'oa wa tatu kwa mkono, bila koleo. Watu wanaapa.

"Ulifanya kazi vizuri jana," alisema.

"Nilimpoteza mpanda farasi, Baba."

"Alijipoteza mwenyewe. Niliona." Akanywa. "Kesho kwenye fainali kura imempa Vyombo vya Jumapili."

Linnea akaketi. Vyombo vya Jumapili alikuwa jike mweusi, kipenzi cha baba yake, aliyeitwa hivyo kwa sababu akianza kurusha mateke kizimbani ni kama kabati la sahani za wageni limeangushwa ngazini.

"Atamuumiza."

"Huenda. Kwani wewe yakuhusu?"

"Yananihusu, Baba. Umejua miaka miwili kwamba yananihusu. Na umejua kwamba si kofia."

Orrin akaweka kikombe chini. Alikuwa mzee mkubwa, mwenye mikono kama majembe, na mikono ile ilianza kutafuta kitu cha kushika mezani ikakosa.

"Si kofia," alikubali mwishowe. "Kofia pia. Lakini si kofia tu. Mama yako alikaa kwenye dirisha lile." Akaonyesha kwa kidevu. "Mimi niko Nebraska, yuko dirishani. Niko Montana, yuko dirishani. Alikaa hapo mpaka kioo kikajifunza sura yake. Asubuhi za ukungu hata leo namwona. Nilikuwa Oklahoma nikimpokea kijana mmoja wa watu juu ya farasi wakati yeye anafariki. Nimepokea wanaume mia ngapi, Linnea, na yule mmoja wa kwangu sikumpokea. Yule kijana ni mwema. Ndiyo maana namwogopa. Angekuwa mhuni ungemchoka mwenyewe."

Linnea alikwenda dirishani. Aliweka kiganja kwenye kioo, kikaacha alama ya joto.

"Mama alikuwa hapa ndani," alisema polepole, "kwa sababu farasi walimtisha. Mimi hawanitishi. Baba, jana nilipokuwa karibu naye sikuwa dirishani. Nilikuwa ubavuni, goti langu limegusa lake. Akianguka, mimi ndiye ninayekwenda kumwokota. Wewe ndiye uliyenipa hiyo kazi. Sasa unataka kunirudisha kwenye kioo?"

Mzee alimtazama, au labda alikuwa anakitazama kioo. Kisha akainuka, akachukua fimbo, akatoka kwenda bandani bila kumaliza kahawa, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika jimbo lile. Baadaye, Linnea akiwa juu anavaa, alisikia nyundo ikigonga chini, mara chache tu, kavu. Akadhani baba anatengeneza zizi.

*

Jumapili asubuhi ibada ilifanyika humohumo uwanjani, mchungaji akihubiri amesimama kwenye kizimba, na mchana jumba likajaa kiasi kwamba aliyetaka kujikuna alikuna jirani. Linnea alikuwa upande wa kushoto juu ya Shemasi. Upande wa kulia alikuwa binamu yake Arlo, mpokeaji wa pili.

Royce alipoketi juu ya Vyombo vya Jumapili ndani ya kizimba, sahani zote za dunia zilianguka. Aliikandamiza pama kichwani. Kisha akatazama ng'ambo ya mchanga, akamwona Linnea, akailegeza tena kidogo.

Akatoa ishara kwa kichwa kizimba kifunguliwe. Lango likafunguka.

Waliokuwepo bado wanasimulia. Yule jike alipaa, akakaa hewani kama anafikiria aende wapi, halafu akarudi chini kwa hasira. Royce alikuwa naye kwenda na kurudi, kama mtu anayecheza na mwanamke mkali harusini. Pama ikaruka. Ikaenda juu penye taa, ikazunguka taratibu, ikashuka katikati ya uwanja na kutulia mdomo juu, kama bakuli. Honi ikalia.

Linnea alimwachia Shemasi mbio. Mchanga ukafumuka, makelele ya watu yakafifia yakawa kama mvua ya mbali. Ubavu kwa ubavu. Goti kwa goti. Royce akageuka.

"Shika!" Linnea akasema. "Usinitie aibu tena!"

"Nikishika siachii!"

"Nimekuomba uachie?"

Akamshika. Mkono ukamzunguka kiuno, kisha wa pili, na uzito wake wote ukahama kutoka kwa mnyama yule mweusi kuja kwake, ukakaa nyuma yake juu ya mgongo mpana wa Shemasi kama uliokuwa na nafasi yake hapo siku zote. Kwa kawaida mpanda farasi huteremka upande wa pili mara moja. Royce hakuteremka. Linnea alihisi pumzi yake shingoni, moto, ya haraka, na kwa mara ya kwanza tangu majira mawili ya baridi alijua viganja vyake vina joto.

"Watu wanatutazama," alinong'ona.

"Wamelipa kiingilio. Waache watazame."

Lakini watu walikuwa wameanza kutazama kitu kingine. Vyombo vya Jumapili, asiye na mtu sasa, alikwenda mbio kwenye lango la kutokea kama alivyozoea. Lango halikufunguka. Akapinda kwa hasira, akauzunguka uwanja, akaipita ile pama pembeni, akarudi langoni. Halikufunguka.

"Mjomba!" Arlo akapiga kelele, akimfuata yule jike na kamba. "Fungua!"

"Mwache farasi!" Orrin akanguruma. "Arlo! Kaa mbali naye!"

Linnea alimtazama baba yake. Mkono ulikuwa juu ya komeo, na macho yake hayakuwa kwa yule jike hata kidogo. Yalikuwa katikati ya uwanja. Yalikuwa kwenye kofia.

"Royce," alisema. "Tazama."

Farasi akaja tena. Akaiona pama, akaikwepa kama dimbwi. Jumba zima lililoijua habari ile, yaani jumba zima, likashusha pumzi. Akaenda langoni, akapiga mateke mbao, akageuka mara ya tatu, kichwa juu, ghadhabu imemjaa macho, hatazami chini wala pembeni. Kwato ikashuka katikati ya pama. Ikasikika. Mpaka leo Verna anaapa kwamba aliisikia kutoka kwenye masufuria yake.

Paa la mabati likaondoka mahali pake kwa shangwe, likarudi.

Orrin akafungua lango. Vyombo vya Jumapili akapita kama treni. Mzee akaingia mchangani na fimbo yake, akachechemea mpaka katikati, akainama kwa taabu, akaiokota pama iliyokuwa sasa bapa kama chapati, yenye alama ya kwato juu. Akaja nayo mpaka kwa Shemasi. Royce akateremka hapo, haraka, akasimama wima.

"Bwana Kvale."

"Lango liliganda," Orrin alisema. "Baridi."

"Ndiyo, bwana."

Linnea alitazama juu, ambapo joto la watu lilikuwa linatiririka kwenye mabati kama jasho. Asubuhi ileile alikuwa amemwona baba yake akitia mafuta bawaba za lango lile. Hakusema kitu. Ilikuwa chumvi tu.

"Chakula saa kumi na mbili," mzee akaendelea, akimkabidhi binti yake ile pama badala ya mwenyewe. "Texas haitahama usiku huu."

*

Walifika theluji ikiwa imekoma, na mashamba yamekuwa ya bluu chini ya machweo. Royce alisimama mlangoni akifuta viatu mara nyingi kuliko vilivyohitaji. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Verna ikiwaambia wageni waweke makoti kitandani, makoti tu, jamani, makoti tu.

Linnea akanyoosha mkono kutundika pama yake, akasita. Koti kuukuu la baba yake, lililofunika ule ubao karibu na mlango tangu jana, halikuwepo, na misumari ilikuwa mitatu. Wa tatu ulikuwa mpya, unang'aa, umepigiliwa katika tundu lilelile la zamani. Akaikumbuka ile nyundo ya Jumamosi, kabla ya fainali, kabla ya kwato, kabla ya kitu chochote kuonekana.

Orrin alikuwa amesimama nyuma yao, anachezea fimbo.

"Huo si msumari wa mtu wa kukaa," alisema, hamtazami yeyote. "Nendeni Texas, nendeni popote. Ni wa mtu wa kurudi. Wote wawili mnanisikia?"

"Tunakusikia, Baba," Linnea alisema.

Royce akachukua ile kofia bapa, akaipapasa alama ya kwato, akaitundika.